Bingwa wa ngumi mwenye hadithi mbili

Kyerwa. Kazi aliyopewa kijana wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari wilayani Kyerwa ilionekana nyepesi. Aandike wasifu wa mwanamichezo bingwa wa Afrika Mashariki, kurasa mbili, na Jumatatu ausome mbele ya darasa.

Kwake yeye mchezo ni ngumi. Nyuma ya nyumba ya bibi yake, karibu na Nkwenda, ametundika kwenye mparachichi kiroba alichokijaza mchanga na matambara. Kila jioni akishaanua kahawa, yeye na wenzake wawili hukipiga mpaka giza liingie. Anajua kuwa Francis Cheka alitwaa mkanda wa WBF jijini Dar es Salaam mwaka 2013. Anajua kuwa Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham, Uingereza, Septemba 2018, akammaliza Sam Eggington mbele ya Waingereza wenzake katika raundi ya pili.

Lakini hao wangeandikwa na nusu ya darasa. Alitaka bingwa ambaye hakuna mwenzake angemfikiria.

Alimpata kwenye simu ya mama yake mdogo. Askari mwenye urefu wa karibu sentimita 193, bingwa wa Uganda katika uzito wa chini kidogo ya ule wa juu kabisa, tangu 1951 hadi 1960. Miaka tisa bila kuuachia ubingwa. Jina lake, Idi Amin.

Jina alilijua kutoka kwenye somo la historia, kwenye mada ya Vita vya Kagera. Ila hakuwahi kuambiwa kuwa mtu yule alikuwa bondia. Akaandika usiku kucha kwa kalamu ya bluu, na Jumamosi asubuhi akaketi barazani kumsomea bibi yake, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo.

Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipolitaja jina, mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo.

“Soma mpaka mwisho,” alisema bibi.

Bingwa kama anavyosimuliwa nyumbani kwake

Aliyoyaandika kijana hayakuwa uongo. Wapo wanaosema Amin alizaliwa Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, na wapo wanaosema Kampala, katikati ya miaka ya 1920. Baba yake alikuwa Mkakwa. Alilelewa zaidi na mama yake, aliyekuwa mganga wa mitishamba. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la mkoloni, King’s African Rifles, na inaelezwa kuwa alianzia jikoni.

Huko jeshini ndiko ngumi ilikomtoa. Maofisa wa Kiingereza walipenda askari wenye nguvu na utii, na kijana yule mrefu alikuwa na vyote viwili machoni pao. Ubingwa ulimpa jina kabla cheo hakijampa. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, alikuwa mmoja wa Waganda wachache sana waliokwishafikia uofisa. Januari 25, 1971 akampindua Rais Milton Obote.

Sehemu iliyomvutia zaidi kijana ilitoka kwa mtoto wa bingwa mwenyewe. Jaffar Amin ni mmoja wa watoto wapatao 40 wanaotajwa rasmi kuwa wa Amin. Alikuwa bado mtoto utawala wa baba yake ulipoanguka. Baada ya filamu ya mwaka 2006, The Last King of Scotland, kuzunguka duniani, Jaffar alijitokeza kusema kuwa dunia imesikia upande mmoja tu. Mwaka 2010 kilitoka kitabu kinachobeba simulizi yake, na jina la kitabu hicho lenyewe linauliza kama baba yake alikuwa shujaa au mwovu.

Katika simulizi ya familia kuna baba anayecheka na watoto wake, anayependa michezo. Yupo pia mzee wa uhamishoni Jeddah, Saudi Arabia, aliyekuwa akipiga akodiani. Na kuna familia inayougua pamoja naye. Julai 2003, Amin akiwa hajitambui hospitalini, mmoja wa wake zake, Madina, alimwomba Rais Yoweri Museveni amruhusu mumewe arudi kufia nyumbani. Jibu lilikuwa kwamba akirudi atajibu kwa aliyoyatenda. Agosti 16, 2003 alifariki dunia hukohuko Jeddah, figo zake zikiwa zimeshindwa kazi, na akazikwa huko.

Kijana alifunga wasifu wake kwa kuandika kuwa bingwa huyo alipendwa na watoto wake mpaka siku ya mwisho.

“Umemaliza?” aliuliza bibi.

“Nimemaliza, Bibi.”

“Kwa hiyo sisi hatumo.”

Msichana wa upande wa pili wa mto

Bibi huyo, ambaye sasa anakaribia miaka 60, si mzaliwa wa Kyerwa. Aliolewa huku wakati eneo lote lilikuwa bado Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya yake mwaka 2012. Amezaliwa kaskazini mwa Mto Kagera, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi. Watoto wake wanne wanajua hilo. Wanajua pia kwamba babu yao mzaa mama alifariki “wakati wa vita.” Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa alifarikije.

Oktoba 30, 1978 alikuwa na miaka 10. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia katika ukanda ule ulio kati ya mpaka na mto, eneo la takriban kilomita za mraba 1,800, na baada ya siku mbili Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Ng’ombe waliswagwa kwa maelfu kupelekwa ng’ambo. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa, na makumi ya maelfu wakakimbia kuelekea kusini.

Haya ndiyo yaliyomo vitabuni. Bibi aliyasimulia kwa namna yake, akiwa ameshusha ungo chini.

Alisema walikuwa shambani waliposikia mizinga, na mama yake alidhani ni radi ya mvua za vuli. Walipowaona watu wakipita mbio na magodoro kichwani ndipo walipojua. Mama akambeba mdogo wake mgongoni, yeye akapewa sufuria lenye viazi vilivyokuwa bado motoni. Walitembea na kundi la watu mpaka daraja la Kyaka, wakalivuka. Siku chache baadaye daraja hilo lililipuliwa na majeshi ya Amin.

Kabla ya kufika darajani baba yake alisimama. Alikuwa na ng’ombe saba. Akasema anarudi kuwafungulia, atawakuta mbele.

“Alinishika kichwa hivi,” bibi alimwambia mjukuu wake, akiweka kiganja utosini pa kijana. “Akasema, angalia viazi visimwagike.”

Hakuwakuta mbele. Vita vilipokwisha na familia kurudi, waliikuta nyumba haina paa. Majirani wengine walirudi, wengine hawakurudi. Askari wa Tanzania waliofia vitani wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, ambako taifa huwakumbuka. Mzee yule wa ng’ombe saba hana kaburi popote.

Kijana alikuwa akitazama chini. Alichukua karatasi zake mbili, akazikunja, akataka kuzichana.

“Nitamwandika Mwakinyo, Bibi. Nisamehe. Sikujua.”

“Lete hapa,” alisema bibi, akazichukua kabla hazijachanika.

“Ngumi ina refa”

Kuna jambo moja katika maisha ya Amin ambalo lilichekesha dunia. Wakati wa mgogoro ule wa mwaka 1978, alitangaza kuwa yeye na Mwalimu Julius Nyerere waumalize ugomvi wao ulingoni, wao wawili, na Muhammad Ali awe refa. Magazeti ya nje yaliiandika kama kichekesho. Mmoja bondia wa zamani mwenye mwili wa fahali, mwingine mwalimu mwembamba mwenye fimbo ndogo mkononi.

Mjukuu alikuwa ameisoma habari hiyo na kuiacha nje ya wasifu kwa kukosa nafasi. Alipomweleza bibi, hakucheka. Aliuliza refa hufanya nini.

Kijana akaeleza. Refa husimama katikati. Hutazama asipigwe mtu chini ya mkanda wala kisogoni. Mtu akianguka, refa humhesabia, na mwenzake hurudishwa kwenye kona asimguse. Wanaopigana hupimwa uzito kwanza ili asiwekwe mkubwa na mdogo. Kengele ikilia, wote huacha.

Bibi alisikiliza kwa makini kama anayepewa maelekezo ya dawa.

“Basi huo ni mchezo wa watu wastaarabu,” alisema hatimaye. “Baba yangu hakupimwa uzito na mtu. Hakuna aliyemhesabia. Na kengele yetu ililia Aprili, wakati yeye ameshaondoka Oktoba.”

Aprili aliyoisema ni ya mwaka 1979, wakati majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala, tarehe 11, na Amin akakimbia. Alipita Libya, kisha akaishia Saudi Arabia. Makadirio ya watu waliouawa nchini Uganda katika miaka minane ya utawala wake hufikia 300,000. Nao walikuwa na watoto waliobaki wakisubiri njiani.

Usingizi ambao nesi aliuuliza

Binti wa bibi, yule mwenye simu, anaishi Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Anasema siku ile alifika Nkwenda jioni akakuta maharage hayajachambuliwa na mama yake amelala saa kumi na moja, jambo ambalo hajawahi kuliona. Alidhani ni presha.

Bibi ana shinikizo la damu na huhudhuria kliniki kila mwezi. Kila mwezi nesi humuuliza analalaje, naye hujibu kuwa analala vizuri. Si kweli. Watoto wake wamekua wakijua kwamba radi ikipiga juu ya bati usiku, mama huamka na kwenda kukaa jikoni mpaka kuche. Wanajua kuwa harusi ikiwa na fataki haendi. Wanajua kuwa gari la Bukoba likikaribia Kyaka, mama hujifunika kanga usoni na kusema ana kichefuchefu cha safari. Walizoea. Walisema ndivyo mama alivyo.

Wataalamu wa afya ya akili wanayo maelezo ya hali hiyo. Mtu aliyepitia vita, ubakaji, ajali mbaya au kuona mpendwa wake akiuawa anaweza kubaki na jeraha lisiloonekana kwa miaka mingi. Huota ndoto zilezile, hushtuka kwa sauti za ghafla, hukwepa mahali na mazungumzo yanayomrudisha siku ile, au hukasirika bila sababu ambayo wengine wanaiona. Si uchawi, si woga, wala si uzee. Hali hiyo inatibika, na tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, wakati mwingine pamoja na dawa. Kosa la familia nyingi ni mawili. Ama kumlazimisha mtu asimulie akiwa hayuko tayari, ama kumnyamazisha anapoanza, kwa kumwambia yaliyopita si ndwele.

Mwezi uliofuata bibi alipoulizwa analalaje, alimwambia nesi kuwa mvua ikinyesha halali. Nesi aliweka kalamu chini, akasogeza kiti. Walizungumza, na bibi akaandikiwa kumwona daktari katika hospitali ya Bukoba, ambako alikuwa aende pia kwa ajili ya mtoto wa jicho.

Watoto wawili wa baba wawili

Kabla ya hapo, hata hivyo, kulikuwa na Jumatatu ya darasani.

Jumapili jioni bibi alimrudishia mjukuu wake karatasi zake, zikiwa zimenyooshwa.

“Usifute kitu,” alimwambia. “Ongeza.”

Kijana alipinga. Alisema hawezi kuandika kuwa mtu huyo alipendwa na watoto wake, kisha achanganye na habari za babu. Moja kati ya hayo lazima liwe uongo.

“Kwa nini?” aliuliza bibi. “Huyo mtoto wake anayemsema vizuri, yeye alibebwa na baba yake. Alimjua kwa mikono ile. Mtu akimlilia baba yake hakosei, baba. Mimi pia namlilia wangu. Kosa ni akitaka mimi ninyamaze ili yeye alie vizuri.”

Halafu akauliza kama huyo Jaffar aliwahi kukutana na mtu wa upande wa huku. Kijana akatafuta, na akapata. Mwaka 2009, miaka 30 baada ya Amin kuanguka, Jaffar Amin alisafiri hadi Butiama, mkoani Mara, kijiji alikozaliwa na kuzikwa Nyerere, akakutana na Madaraka Nyerere, mtoto wa Mwalimu. Watoto wa watu wawili ambao mmoja alitaka wapandishane ulingoni walikaa pamoja, na hakukuwa na refa. Jaffar amekuwa mmoja wa wanaotaka ukweli wa miaka ile usemwe na pande zote, na watu wapatane.

Bibi alikaa kimya kidogo.

“Alifanya vizuri kwenda,” alisema. “Ila njiani kuna Kagera. Siku nyingine na apite na huku.”

Hakusema kwa chuki. Kyerwa imepakana na Uganda, na kule Murongo watu wa pande mbili huuziana na kuoana mpaka lugha zao zinafanana. Bibi mwenyewe ana mkwe kutoka ng’ambo, na wajukuu wawili wanaomwita kwa jina lilelile wanalomwitia mama mzaa baba yao. Hajawahi kuwafundisha kumchukia mtu. Ila ndiyo maana, anasema, alinyamaza. Alihofu kuwa akianza kusimulia, watoto watamwangalia shemeji yao kwa jicho jingine. Sasa anaona kimya chake kilimfanya mjukuu aje amsomee sifa za bingwa barazani kwake bila kujua anamsomea nani.

Jumatatu kijana alisoma kurasa tatu badala ya mbili. Ya kwanza na ya pili zilibaki kama alivyoziandika, na ubingwa wa miaka tisa haukupunguzwa hata mwaka mmoja. Ya tatu ilianza kwa ng’ombe saba. Mwalimu hakumkatiza. Alipokaa, mwenzake wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akasema kwao pia kuna babu wa aina hiyo, ila hakuna anayemtaja. Mwingine akasema kwao ni shangazi. Kipindi kikaisha watu wakiwa bado wanasema.

Kiroba bado kinaning’inia kwenye mparachichi. Bibi hajakataza. Siku moja alikuja kusimama pembeni, akatazama, akamuuliza mjukuu ni nani anayesimama katikati wanapopigana wao kwa wao. Kijana akajibu kuwa hakuna. Tangu siku hiyo mmoja wa wale watatu huwa refa kwa zamu.

Safari ya Bukoba ilifika mwezi huo. Bibi, binti yake na mjukuu walipanda Hiace alfajiri, wakapita Omurushaka, wakateremka kuelekea Kyaka. Gari liliposimama kushusha abiria, kanga ilikuwa mabegani, si usoni. Bibi alielekeza kidole upande wa mto.

“Daraja liko kule,” alimwambia mjukuu.

“Tushuke, Bibi?”

“Tuna daktari saa nne. Tutashuka tukirudi.”

Siku ya kurudi walishuka. Daraja la sasa si lile alilolivuka na sufuria kichwani, naye hakukaa muda mrefu. Alisimama ukingoni akiwa amemshika mjukuu wake mkono, akatazama upande wa kaskazini, akataja majina mawili ya baba yake kwa sauti. Kisha akasema wawahi gari, mvua inakuja.